KNCU, AICC au jengo la ngoma: kamati yenu ijenge nyumba ya utamaduni ya namna gani?

Andiko hili ni la wanakamati. Iwe kamati ya ushirika, ya usharika, ya halmashauri, ya chuo, au ya ukoo ambao umekua mpaka unataka kituo chake, hali ni ileile: picha za 3D zinazunguka kwenye grupu, kila mjumbe ana ya kwake kwenye simu, mchangiaji mkubwa aliyeko Dar ameshasema kama sio vioo hatoi hela, na kikao cha mwisho kimeahirishwa tena. Kinachotakiwa kujengwa wala hakina utata, ni ukumbi wa watu kama 300, maktaba ya kusomea, sehemu ya kuonyesha vitu vya asili na kazi za wasanii, jiko, vyoo, ofisi mbili tatu basi. Utata uko kwenye liwe jengo la namna gani.

Sisi wa Moshi na Arusha hatuna haja ya kubishana kwa picha maana mifano yenyewe tunapishana nayo kila siku. Moshi pale karibu na mnara wa saa kuna jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, lilimalizika 1952, mchoraji ni Mjerumani Ernst May, ndo yuleyule aliyesimamia ujenzi wa nyumba zaidi ya 10,000 kule Frankfurt kati ya 1925 na 1930, akaenda Umoja wa Kisovyeti, halafu 1934 akaja kulima shamba huku kwetu karibu na Arusha kabla hajahamia Nairobi na kurudi kwenye uchoraji wa majengo. Hela ilikuwa ya kahawa, na kilichotakiwa hakikuwa ofisi peke yake, ilikuwa ni kituo cha Wachaga mjini: ofisi za ushirika, maduka, hoteli, na sehemu za kukutana na kujisomea, vyote kwenye jengo moja.

Arusha kuna AICC, hiyo haina haja ya utambulisho, zege la miaka ya 70 lililojengwa liwe makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza, Jumuiya ikavunjika 1977 na mwaka uliofuata jengo likageuzwa kituo cha mikutano. Na ukitoka mjini kushika barabara ya Dodoma unalikuta la Cultural Heritage, lile lililotengenezwa kwa maumbo ya ngoma, ngao na mkuki. Hilo la tatu wasomi wa usanifu watabisha kama linaingia kwenye kundi la modenisti (usanifu wa kisasa wa karne ya 20) kama yale mawili, mi naliweka kwa sababu ndo picha ninayoiona imetumwa mara nyingi zaidi kwenye magrupu, na wazo lake la ndani, kupanda kwa njia inayozunguka badala ya ngazi, ni lilelile msanifu Mmarekani Frank Lloyd Wright alilolipa umaarufu kwenye makumbusho ya sanaa ya Guggenheim ya New York iliyofunguliwa 1959.

Kwa hiyo tuna njia tatu: jengo la mtaani, jengo la heshima, na jengo la umbo. Kabla ya kuziweka pamoja tukubaliane kwanza tunapima nini.

Vipimo

Jua na hewa. Tuko kama nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, jua linapita juu ya utosi katikati ya Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, Juni linaegemea kaskazini na Desemba kusini, ila sio sana. Maana yake kwa mchoraji ni kwamba madirisha ya kaskazini na kusini ni rahisi kuyakinga, kibaraza au slebu iliyotokeza mita 1.5 juu ya dirisha la urefu wa mita 2 inalizuia jua la kaskazini la Juni kuanzia kama saa tatu na nusu asubuhi mpaka kama saa tisa na nusu alasiri. Mashariki na magharibi ndo balaa, jua linaingia limelala na hakuna kibaraza kitakachosaidia, pale ni ukuta, au luva (vibao vya kukinga jua) za kusimama, au miti. Halafu kuna zawadi ambayo wachoraji wengi hawaitumii: Kilimanjaro iko kaskazini ya Moshi kabisa, na Meru iko kaskazini ya Arusha ikienda kidogo mashariki, yaani upande mnaotaka watu waone mlima ndo upande ule ule ambao ni rahisi kukingwa na jua. Mnaweza kuweka dirisha kubwa la mlima na watu wasiungue. Mkiligeuza jengo lote litazame barabara ya magharibi kisa ndo kuna geti, mmeikataa zawadi.

Ila Moshi na Arusha si kitu kimoja. Moshi iko mita mia nane na kitu juu ya usawa wa bahari, Januari mpaka Machi ukumbi usiopitisha hewa pande mbili ni adhabu. Arusha iko kwenye 1,400, Julai asubuhi watu wanaingia ukumbini na majaketi, kwa hiyo mchoro uliofaa Moshi ukiuhamishia Arusha bila kupunguza matundu wazee watalalamika baridi, na wana haki.

Mvua na maji. Masika yetu haina utani na paa bapa la zege linavuja kama lisipotunzwa. Hilo si la kubishana, swali ni nani atakayepanda juu kila mwaka kabla ya Machi kusafisha mifereji na kukagua lami. Upande wa pili, paa ni chanzo cha maji. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, paa la mita za mraba 500 likipata mvua ya milimita 20 ni lita 10,000 mchana mmoja, na kwa maeneo ya Meru ambako maji ya ardhini yana floridi mpaka meno ya watoto yanageuka rangi, maji ya mvua yasiyo na floridi si kitu cha kumwaga mtaroni.

Sauti. Hapa ndo kumbi nyingi zinafeli na hakuna anayeliangalia kwenye picha, maana picha haina mwangwi. Hesabu yenyewe fupi: muda wa mwangwi kwa sekunde ni 0.161 mara ujazo wa ukumbi, gawanya kwa eneo linalonyonya sauti. Chukua ukumbi wa mita 20 kwa 15, urefu wa dari mita 6, zege, plasta na vigae tupu, ujazo ni 1,800, mwangwi ukiwa hauna watu unaweza kufika sekunde 7. Wakiingia watu 300 miili na nguo zao zinanyonya, unashuka karibu na 1.7, hapo kwaya itaimba ikasikika tamu kabisa ila mgeni rasmi akihutubia maneno yanakanyagana, maana hotuba inataka kama sekunde 1. Mkitaka hotuba isikike lazima dari karibu lote liwe la kunyonya, mfano jipsamu yenye matundu na sufi nyuma yake. Hiyo iandikwe kwenye BOQ (orodha ya kazi, vifaa na gharama zake) tangu mwanzo, ikisubiri umaliziaji inakatwa, hela ikipungua ndo ya kwanza kukatwa.

Hela, na nina maana zote mbili, ya kujenga na ya kulea. Ya kujenga mnachangisha, watu wanarudi nyumbani Desemba mnafanya harambee, kuna wa mifuko ya saruji na kuna wa bati. Ya kulea haichangishwi na mtu. Sijawahi kuona harambee ya kubadilisha balbu.

Mlango. Nani anaingia bila kadi ya mwaliko? Mwanafunzi anayetaka meza ya kusomea Jumanne mchana, mama anayetoka sokoni anataka choo, mzee wa kiti cha magurudumu. Kwa huyo mzee, njia ya mteremko inatakiwa ipande si zaidi ya 1 kwa 12, kwa hiyo ghorofa moja ya mita 3.5 inataka mteremko wa mita 42. Ni ndefu kuliko watu wanavyodhani.

Sura. Sitaki kuonekana naidharau. Watu wanatoa hela kwa kitu wanachojivunia, na jengo la utamaduni lisilokumbukwa na mtu ni ghala tu.

Na tetemeko, hilo halina mjadala kwa njia yoyote kati ya hizi. Meru ililipuka mara ya mwisho 1910, na Julai 2007 tulitikiswa wote kabla Oldoinyo Lengai haijalipuka Septemba. Ukumbi wenye paa pana lisilo na nguzo katikati ni kazi ya injinia aliyesajiliwa, akina fundi wetu wana uzoefu wa nyumba ila hesabu ya bimu ya mita 15 sio ya kukisia.

Njia ya kwanza: jengo la mtaani, kama KNCU

Wazo ni kwamba utamaduni hautengwi na biashara. Chini maduka yanayofunguka barabarani moja kwa moja, juu ofisi na vyumba, ukumbi na maktaba ndani yake au nyuma kwenye ua. Jengo halizidi ghorofa chache na linafuata mstari wa barabara kama jirani zake.

Jua na hewa linaliweza vizuri, kwa sababu jengo lenyewe ni jembamba, chumba kimoja na korido, hewa inaingia huku inatokea kule. Ua wa katikati unasaidia zaidi. Shida ni kwamba mjini huchagui mwelekeo, kiwanja kikikaa kinatazama magharibi basi ndo hivyo, na hapo mchoraji aweke luva au tofali za matundu, na mkubali kwamba vumbi la matundu linafutwa na mtu, sio upepo.

Mvua: paa za vipande vipande, mabonde mengi, kila bonde ni mahali pa kuvuja. Linataka mtu wa kudumu wa matengenezo.

Sauti ndo udhaifu wake mkubwa. Chini kuna duka la simu limeweka spika nje, barabarani bodaboda, juu yako mgeni wa hoteli anaburuza begi, na wewe unajaribu kuendesha mashairi. Ukumbi inabidi usukumwe nyuma kabisa, mbali na barabara, na katikati muweke stoo, ngazi, vyoo, chochote cha kukata kelele. Inawezekana, ila inatakiwa ifanyike kwenye mchoro wa kwanza.

Kwenye hela hapa ndo penyewe. Kodi ya maduka inalipa umeme, mlinzi, rangi, na mshahara wa mkutubi, miezi 12, si Desemba tu. Tuwe wakweli, ukumbi wa watu 300 kwetu unaingiza hela kwa harusi, sendofu na kipaimara, na hizo zote ni wikiendi na zina msimu. Kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi ukumbi haujilipi popote nilipoona. Hatari yake ni ya upande wa pili: duka linaimega maktaba, maktaba inakuwa stoo ya duka, mwaka wa tano kituo cha utamaduni kimebaki jina kwenye kibao. Dawa ni katiba, sio mchoro. Andikeni ni vyumba gani haviruhusiwi kupangishwa na nani ana sahihi.

Mlango ni bora kuliko zote, anayeingia kununua vocha anajikuta mbele ya maktaba. Mzee wa magurudumu yuko salama kama ukumbi uko chini, ukiwa juu inabidi lifti, na lifti ni mkataba wa matengenezo usioisha.

Sura: haipigi kelele. Wengine wanapita jengo la KNCU kila siku hawajui limechorwa na mtu ambaye wanafunzi wa usanifu duniani kote wanasomeshwa habari zake. Kwa wengine hiyo ni dosari, mi naona ni adabu.

Linawafaa vyama vya ushirika, saccos, na yeyote mwenye kiwanja katikati ya mji na hana mfadhili wa kudumu.

Njia ya pili: jengo la heshima, kama AICC

Hapa jengo linasimama peke yake kwenye eneo lake, zege linaonekana, mistari mikubwa, ukumbi mkuu ndo moyo na vingine vyote vinauzunguka. AICC ina mabawa matatu, Kilimanjaro, Ngorongoro na Serengeti, na ukumbi wa Simba. Humo ndo mkataba wa amani wa Rwanda ulipowekwa sahihi Agosti 1993 na wa Burundi Agosti 2000, halafu mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ikakaa kwenye jengo hilohilo mpaka ilipofungwa mwisho wa 2015. Kama mtu anauliza jengo linaweza kuupa mji kazi mpya, jibu ni hilo, Arusha ya leo ya mikutano imetokana na jengo ambalo mwenye nyumba wake wa kwanza alivunjika kabla hajalitumia vizuri.

Jua na hewa: kwa sababu mna kiwanja kikubwa mnaweza kuligeuza mnavyotaka, marefu yatazame kaskazini na kusini, hiyo ni faida kubwa na haina gharama. Ila ukumbi mkuu wa aina hii huwa umefungwa katikati, hauna madirisha, unategemea taa na mashine za hewa. Umeme ukikatika na jenereta haina mafuta, watu 300 wanatoka nje ndani ya nusu saa. Kwa Arusha linavumilika zaidi kuliko Moshi. Kwa ukumbi wenu mdogo si lazima ufungwe, wekeni matundu ya juu ya kutolea hewa ya moto na ya chini ya kuingiza ya ubaridi, na hela ya mashine itapungua sana.

Mvua: paa moja kubwa bapa, kulikagua ni rahisi, kulirekebisha ni ghali. Kwa kuvuna maji ni zuri. Mfano wa kusoma hapa ni Soko la Kariakoo la Dar lililochorwa na Beda Amuli, lililofunguliwa 1975, yale mamwavuli ya zege juu yake hayakuwekwa kwa urembo, yanakusanya maji ya mvua na kuyashusha chini kwenye matanki. Zege la kuonekana bila plasta wala rangi nalo likishachafuka kwa ukungu wa masika watu wataanza kusema jengo limezeeka, na kamati ijayo italipiga rangi ya maziwa, hesabuni hilo limeshatokea.

Sauti, hapa ndo linashinda kama likichorwa vizuri. Liko mbali na barabara, ukuta mzito haupitishi kelele, na ukumbi unachorwa kwa ajili ya kusikia kwanza. Kuta zisiwe sambamba tupu, dari linyonye, sakafu iteremke kidogo kuelekea jukwaani. Ila hapo tena sakafu ya mteremko haifai harusi maana meza hazikai, na harusi ndo mnaotegemea wawalipe. Kila kamati inagongwa na hii. Wengi wanaishia sakafu bapa na jukwaa la kuinua, na sio uamuzi mbaya.

Hela: ghali kujenga na ghali kulea, na msidanganyike na AICC, pale hela ya kudumu inatokana na kupangisha ofisi, sio ukumbi peke yake. Ukichukua sura ya AICC ukaacha zile ofisi umechukua gharama bila mapato. Nafuu moja ipo, fomu za mbao (zile za kumwagia zege) za kuta zilizonyooka zinatumika tena na tena, kwa hiyo zege lililonyooka si ghali kama linavyotisha, mradi usimamizi uwepo maana zege la kuonekana halina plasta ya kuficha makosa ya fundi.

Mlango: geti, mlinzi, daftari la wageni. Mwanafunzi wa Jumanne hatokuja. Unaweza kupunguza kwa kuiweka maktaba pembeni ya barabara na mlango wake yenyewe nje ya geti, na kwa kweli sioni kwa nini kila kamati isifanye hivyo.

Sura: hiyo mnaipata kwa asilimia zote. Anayetaka kuona namna jengo la hivi linavyoweza kuwa la heshima na bado likawa jepesi aangalie Nkrumah Hall ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile iliyokuwa nyuma ya noti ya 500.

Linawafaa halmashauri, vyuo, dayosisi, taasisi yenye bajeti ya kila mwaka na watu wa kudumu wa matengenezo. Kamati ya hiari ya watu 12 isijaribu.

Njia ya tatu: jengo la umbo, kama Cultural Heritage

Jengo ni alama lenyewe. Ngoma, ngao, chungu, msonge wa Kichaga, buli la kahawa, mmoja aliniambia wanataka la ndizi na hakuwa anatania.

Jua na hewa: jengo la duara huwezi kuligeuza likakwepa mashariki na magharibi, linapigwa na jua upande mmoja baada ya mwingine siku nzima. Kwa hiyo madirisha yapungue na mwanga uingie kutoka juu, na mwanga wa juu kwa jua letu la utosini lazima uchujwe, la sivyo vitu vya ngozi na nguo za asili mlivyoviweka kuonyesha vitapauka. Hewa ya moto inapanda na kutokea juu, hilo ni zuri kama mmeacha tundu la juu.

Mvua: inategemea umbo. Paa la msonge linamwaga maji vizuri kuliko yote haya, kuyakusanya ndo kazi maana yanamwagika pande zote. Paa la umbo geni lenye makutano ya ajabu ni la kuomba Mungu.

Sauti: hapa niseme wazi, ukuta wa duara uliobonyea ndani unakusanya sauti sehemu moja, aliyekaa pale anasikia kila kitu mara mbili na jirani yake hasikii kitu. Kwa maonyesho haina neno, watu wanatembea. Kwa ukumbi wa hotuba inabidi ukuta uvunjwevunjwe kwa mbao au nguzo. Ngoma na matarumbeta ndani ya duara la zege, mtakuja kuniambia.

Hela: fomu ya ukuta wa kupinda inatengenezwa kwa ajili ya pale tu, mbao nyingi hazirudi kazini. Fenicha za kawaida hazikai kwenye kona zisizokuwepo. Lakini kwa jengo lililoko njia ya watalii hela inarudi kwa namna ambayo mengine mawili hayawezi, maana gari ya safari inasimama kwa sababu ya umbo. Barabara ya kwenda Manyara na Ngorongoro inapitisha wageni kila siku, uchochoro wa Njoro au Majengo haupitishi.

Mlango: njia ya kuzunguka ikiwa na mteremko wa 1 kwa 12 au chini, mzee wa magurudumu anaona maonyesho yote bila lifti, hakuna njia nyingine kati ya hizi inayompa hivyo. Ila kutundika picha kwenye ukuta wa kupinda ni tatizo la siku nyingi, wasanii 21 waliwaandikia Guggenheim kulalamika 1956, jengo halijaisha hata. Vinyago na vyungu havina shida hiyo, kwa hiyo jiulizeni mnaonyesha nini.

Sura: inaeleweka na mtoto. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba ngao ya nani, kituo cha mji wa Arusha kikichukua umbo la Kimasai, Wameru na Waarusha na Wairaqw wataanza kuuliza, na Moshi hivyohivyo Wapare wapo.

Linawafaa wenye mkusanyo halisi wa vitu na eneo kwenye barabara ya wageni, na mfanyabiashara mmoja mwenye maamuzi. Kamati kubwa ikichagua umbo haimalizi kikao.

Kuna la nne pia

Ukumbi wa kawaida wa chini, bati, baraza kuzunguka, miti. Usicheke. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa mwishoni mwa Januari 1967 kujadili Azimio la Arusha kwenye ukumbi wa jamii wa hapo mjini, na ndo uliogeuzwa Makumbusho ya Azimio 1977. Historia nzito kuliko nyingi ilipita kwenye jengo dogo. Adui wake ni moja, mvua ikipiga bati hakuna anayesikia kitu, wekeni dari nzito na sufi juu yake.

Sasa kwa hali yenu

Kama mna kiwanja kidogo katikati ya mji na hela ya kuanzia tu: la mtaani, mjenge safu ya maduka kwanza lakini msingi wa ukumbi nyuma umwagwe pamoja.

Kama halmashauri au chuo ndo mwenye mradi na kuna fungu la matengenezo lililopitishwa: la heshima, na maktaba itoke nje ya geti.

Kama mchangiaji mkubwa anataka vioo, mpeni vioo upande wa kaskazini, atazame mlima wake, na kibaraza juu. Atafurahi na nyinyi hamtaungua.

Kama shughuli kuu ni kwaya na ngoma: msichague duara, na msichague barabarani. La heshima dogo, au la nne lenye dari refu.

Kama ni maonyesho na watalii, na mkusanyo mnao tayari: la umbo, ila ukumbi wa hotuba ujengwe pembeni wa mstatili.

Kama mko Moshi na umeme hamuuamini, kateni lolote lenye ukumbi uliofungwa. Arusha mnaweza kujadili.

Kama hamjakubaliana mtavaa nini siku ya ufunguzi achilia mbali umbo, anzeni na la nne, mlitumie misimu miwili, mtajua wenyewe mnahitaji nini zaidi.

Kwa vyovyote mchoro uchorwe na msanifu aliyesajiliwa na bodi, mkadiriaji majenzi atoe BOQ kabla ya harambee na sio baada, na kibali cha halmashauri kipatikane kabla ya jamvi, yaani zege la sakafu ya chini. Na kama mnajenga kwa awamu, kila awamu iishie mahali panapofungika. Chini kukiwa na paa na mlango kunatumika, nondo mlizoziacha juu kwa ajili ya ghorofa ijayo zifunikwe na zege jepesi au zipakwe zisipate kutu, maana ghorofa ijayo kwetu huwa inachelewa.